Jirani Yako Amekataliwa Hifadhi: Ufanye Nini?

Wasikilizaji wapendwa wa Bukoba mjini na vijijini, wa Muleba, wa Missenyi, nanyi mnaotusikiliza kutoka visiwani Bumbire na Goziba, mwenye kuchambua maharage aendelee kuchambua, mikono ina kazi yake na masikio yana kazi yake.

Leo nataka tuzungumze kuhusu mtu mmoja. Nasema mtu mmoja, na nitalirudia neno hili mara nyingi, kwa sababu tumezoea kuzungumza juu ya wakimbizi kama kundi: wamekuja wengi, wamerudishwa wengi, wamejaa, wamepungua. Leo tuwaache wengi. Tumzungumzie mmoja ambaye amebisha hodi, ameeleza shida yake, ameambiwa hapana, na sasa anasubiri gari la kumrudisha alikotoka.

Tuchukue mfano. Nauunda mwenyewe ili tuelewane, msianze kumtafuta huyu mtu Kashai au Rwamishenye. Tuseme ni mama ametoka Kivu Kusini, amevuka na watoto wawili, amefika kwetu akapokelewa na ukoo wa marehemu mumewe kule Muleba. Anashona. Watoto wanasoma na watoto wako. Siku moja inakuja barua: maombi yako ya hifadhi yamekataliwa, unatakiwa kuondoka nchini. Anakuletea barua ile kwa kuwa wewe unasoma Kiingereza kidogo. Unaisoma mara ya kwanza, unaisoma mara ya pili. Anakutazama usoni.

Sasa nakuuliza, ndugu msikilizaji: utafanya nini?

Wengi wetu tungesema pole. Tungetoa unga, tungetoa nauli, tungemwombea kanisani au msikitini. Yote mema. Lakini mimi leo nakuja na neno jingine: mtu huyu anahitaji shahidi kabla ya kuhitaji nauli. Na shahidi mwenyewe, katika mkoa kama huu wetu, ni wewe jirani.

Kwanza tuelewe njia anayopita mwombaji hifadhi. Tanzania ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Mtu akiingia anakimbia hatari, anatakiwa ajitokeze mapema mbele ya mamlaka, aseme nimekuja kuomba hifadhi. Kuna kamati ya taifa inayosikiliza maelezo yake na kupendekeza atambuliwe kuwa mkimbizi au asitambuliwe. Akikataliwa, anaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Na sheria hiyo hiyo inamtaka akae katika eneo lililotengwa, ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa na maana ya kambi za Kigoma kama Nyarugusu na Nduta, na akitoka awe na kibali. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anaacha kambi kumfuata ndugu, kutafuta kibarua, kumpeleka mtoto hospitali, na siku anayokutwa Muleba bila kibali anakuwa tayari ana kosa, hata kama hatari aliyoikimbia ni ya kweli kabisa. Kosa la kibali na hatari ya maisha ni mambo mawili. Nalirudia hili kwa sababu hata watu wazima wanalichanganya: kosa la kibali na hatari ya maisha ni mambo mawili. La kwanza lina adhabu yake. La pili lina mikataba yake.

Mikataba gani? Upo ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951. Upo na wa kwetu Waafrika, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969 na nchi huru za Afrika. Huu wa Addis Ababa unasema wazi kwamba mtu asikataliwe mpakani, asirudishwe, asifukuzwe, ikiwa kufanya hivyo kutampeleka mahali ambapo uhai wake, mwili wake au uhuru wake utakuwa hatarini. Walioandika maneno hayo walikuwa viongozi wa nchi changa, maskini, zenye shida zao. Na nchi yetu ilisifiwa kwa hilo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen, tuzo kubwa ya dunia kwa wanaohudumia wakimbizi. Hatukuipata kwa bahati nasibu.

Sasa turudi kwetu Kagera, maana hapa mambo ni mazito zaidi.

Sisi ni watu wa mpakani. Uganda iko hapo Mutukula, Rwanda hapo Rusumo, Burundi hapo Kabanga. Tangu wakati wa mkoloni Warundi na Wanyarwanda wamekuja kulima kahawa na migomba ya Wahaya, wengine wakarudi kwao, wengine wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Na sisi wenyewe tumewahi kukimbia. Wazee wanaonisikiliza kutoka Kyaka, Kanyigo na Minziro wanakumbuka mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa ng'ambo ya mto walishuka kusini na magodoro kichwani, na huku kusini walipokelewa. Hakuna aliyewadai hati.

Ndiyo, walikuwa Watanzania ndani ya Tanzania. Najua tofauti. Lakini nakumbusha hilo kwa sababu anayejua kukimbia usiku hapaswi kushangaa akimwona mwenzake amefika bila cheti.

Halafu ikaja 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 tu, kiasi cha watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji. Kuni ziliisha, misitu ikapukutika, bei za vyakula zikapanda, silaha zikazagaa. Sitaki mtu aniambie kwamba wananchi wa Kagera hawakubeba mzigo. Waliubeba, na baadhi ya makovu ya misitu ile yapo hadi leo. Ndani ya umati ule walikuwamo pia walioua katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na hilo lilifanya kila mtu kambini atazamwe kwa jicho moja.

Desemba 1996 serikali pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi ule. Maelfu kwa maelfu walijaribu kwanza kukimbilia ndani ya nchi yetu, wakarudishwa na askari hadi Rusumo. Karibu nusu milioni walivuka kurudi. Ndani ya wiki chache, hivi kweli kila mmoja aliweza kuulizwa: wewe, binafsi, unaogopa nini? Haikuwezekana. Aliyekuwa na mikono safi na akamwogopa jirani yake wa kule, na aliyekuwa na mikono ya damu na akaiogopa sheria, walitembea barabara moja.

Mnaona kwa nini nasema tumzungumzie mtu mmoja?

Ikaja tena 2013. Mwezi Julai Rais Kikwete akiwa ziarani mkoani kwetu aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga hapa Kagera, Geita na Kigoma. Niseme haki: hofu ya ujambazi ilikuwa ya kweli. Mabasi ya kupita pori la Biharamulo yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki, na watu wetu waliuawa barabarani. Serikali yoyote ingefanya jambo. Lakini ndani ya wimbi lile waliondoka pia watu waliokaa nchini miaka 20, 30, wenye wake Watanzania, wenye waume Watanzania, wenye watoto waliozaliwa katika hospitali za Rubya na Ndolage. Rwanda iliwapokea kwenye kambi za muda za Kiyanzi na Rukara, na wengine walieleza kule kwamba wameacha ng'ombe, wameacha mashamba, wameacha ndoa.

Na hapa naomba tuangaliane machoni, ndugu zangu. Nani alikuwa anaonyesha nyumba? Mara nyingi ni sisi. Aliyegombana na mwenzake mpaka wa kibanja, aliyekuwa na deni, aliyemwonea mtu wivu wa duka, alipata nafasi ya kunong'ona kwamba yule si mwenzetu, babu yake alitoka ng'ambo. Minong'ono ya namna hiyo kila kitongoji kinaijua. Ulimi wa jirani unaweza kumtoa mtu nchini kwa siku moja. Basi ulimi huo huo una nguvu ya kumtetea, na hilo ndilo ninalotaka tulishike jioni hii.

Pengine mtasema: hayo ni ya watu wanyonge, wasio na elimu, wasio na majina. Siyo. Mwanzoni mwa mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne wanaojulikana si raia wa Tanzania. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa gazeti la Rai, aliyewahi kuwa mbunge. Mwingine Timothy Bandora, balozi aliyekuwa anaiwakilisha nchi hii hii. Mwingine Anatoli Amani, mwenyekiti wa chama tawala mkoani kwetu Kagera! Fikirini hilo. Mtu anaongoza chama mkoa mzima, asubuhi moja anaamka si raia.

Watu hao walikuwa na nini? Walikuwa na majina, walikuwa na marafiki wenye kalamu. Waandishi waliandika, wanasheria walisema, wasomi walihoji, jambo halikuzikwa kimya. Baadaye Ulimwengu aliomba uraia na akapewa. Na Anatoli Amani, sote wa Bukoba tunajua, baadaye alikalia kiti cha Meya wa manispaa yetu. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichokuwa tofauti ni kwamba walikuwapo watu wa kusema: huyu tunamfahamu.

Mama wetu wa mfano, yule mshonaji wa Muleba, hana gazeti. Ana wewe.

Hebu nieleze habari za mahakama, maana hapa pana somo kubwa. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2018 ilitoa hukumu katika kesi ya Anudo dhidi ya Tanzania. Bwana huyu alikwenda mwenyewe polisi Babati mwaka 2012 kufuatilia taratibu za kufunga ndoa. Wakashuku uraia wake, wakachukua pasipoti. Mwaka 2014 alisindikizwa hadi Namanga akavushwa kuingia Kenya. Kenya nao wakamrudisha wakisema si wao. Akabaki kule Sirari, katikati ya nchi mbili, kwenye kipande cha ardhi kisicho cha mtu, hana nchi mbele, hana nchi nyuma. Mashahidi walikuwa wametofautiana juu ya wazazi wake, na Mahakama ikasema ubishi wa namna hiyo ungeweza kumalizwa kwa kipimo cha vinasaba. Ikasema pia kwamba mtu aliyetambuliwa kuwa raia miaka yote, serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba siye. Na ikaitaka nchi yetu irekebishe sheria ili mtu anayebishiwa uraia awe na njia ya kufika mahakamani, kwa sababu Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inaufanya uamuzi wa waziri kuwa wa mwisho.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Novemba 2019, ikaja hukumu ya Penessis. Huyu alikamatwa Januari 2010 kwa shtaka la kuingia na kuwapo nchini kinyume cha sheria, akaishia gereza la Butimba, Mwanza. Alisema tangu mwanzo: mimi ni Mtanzania. Miongoni mwa yaliyopimwa katika kesi ile ni maneno ya mwanamke aliyejitokeza akasema huyu ni mwanangu. Mahakama iliona serikali haikuweza kuyavunja madai yake, na kwamba haki yake ya uraia na uhuru wake vilikuwa vimevunjwa. Wiki moja kabla ya hukumu hiyo, nchi yetu ilikuwa imewasilisha barua ya kujitoa katika utaratibu unaomruhusu mwananchi mmoja mmoja kupeleka kesi moja kwa moja Arusha. Nasema hilo kwa uchungu. Mlango ambao Anudo na Penessis waliupitia, mtu wa leo hawezi kuupitia kwa njia ile.

Kesi hizi ni za uraia, si za hifadhi, na ni mambo tofauti kisheria. Lakini yote mawili yanaishia kwenye geti moja la mpakani, na yote mawili yanategemea kitu kimoja: nani atasimama aseme, namfahamu huyu, haya nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo tufanyeje? Nitasema taratibu. Mwenye kalamu aandike.

Anza na tarehe. Barua ya kukataliwa ina tarehe, na nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya ina siku zake. Siku zikipita, hata malaika akiandika rufaa haitapokelewa kirahisi. Watu wetu wana tabia ya kuificha barua mbaya chini ya godoro wakiomba Mungu. Ombeni, lakini barua itoke chini ya godoro. Ipigwe picha, itolewe nakala, ipelekwe kwa mtu wa sheria wiki hiyo hiyo.

Mtu wa sheria yuko wapi? Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria wilayani. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri ya Muleba au Bukoba, wao ndio wanaowafahamu. Chama cha Mawakili kipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo. Kwa mambo ya wakimbizi hasa lipo shirika la Dignity Kwanza, na wapo UNHCR. Mahakama Kuu ipo hapa hapa Bukoba, na mtu aliyezuiliwa kinyume cha sheria anaweza kuifikia. Msidharau mahakama. Kwa jirani zetu Kenya, Julai 2013, marehemu Jaji David Majanja aliitupa amri ya serikali ya kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini na kuwapeleka kambini. Waliokwenda mbele yake walikuwa shirika la huko Kenya liitwalo Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wachache, na kila mmoja alieleza maisha yake: huyu ana kazi, huyu ana watoto shule. Swali likawa, mtu huyu mmoja kakosa nini? Serikali haikuwa na jibu lililotosha. Mnaona? Mmoja mmoja.

Baada ya tarehe, ushahidi. Hapa ndipo kazi ya jirani ilipo. Yule mama anasema alikuja mwaka fulani akiwa na jeraha. Nani alimpeleka zahanati? Kadi ya kliniki iko wapi? Mtoto alibatizwa parokia gani? Daftari la shule linasema aliandikishwa lini? Mwenyekiti wa kitongoji alimpokea lini, je, aliandika popote? Kuna mtu aliyevuka naye, aliyeona kijiji chake kikichomwa? Maandishi ya namna hiyo, yenye jina lako, sahihi yako na namba yako ya simu, yana uzito kuliko machozi ya watu mia. Andika ulichokiona tu. Usiandike ulichosikia, usiongeze chumvi. Uongo mmoja ukigundulika, hata ukweli wote uliobaki hauaminiki tena, na atakayelipa gharama si wewe, ni yule mama.

Na tafadhali, tafadhali sana, msimweke mtandaoni bila ridhaa yake. Vijana, nawapenda kwa moyo wenu, lakini nalisema hili kwa mkazo. Picha yake kwenye makundi ya WhatsApp na jina lake kamili inaweza kufika kule alikokimbia kabla haijafika ofisi ya waziri. Ana mama yake mzazi kule, ana dada. Kampeni ni yake, yeye ndiye aamue jina litajwe au lisitajwe, picha itoke au isitoke. Akisema hapana, zipo njia za kimya: barua ya viongozi wa dini, barua ya mwalimu mkuu, mbunge kuombwa aulize, diwani kuombwa aandike. Sahihi za wanakijiji 40 zilizokusanywa kwa utulivu na kupelekwa mahali sahihi zina nguvu kuliko kelele.

Akikubali jina litajwe, basi piga kelele sawasawa. Mwaka 2005 kule Glasgow, Scotland, wasichana wa shule moja ya sekondari waliambiwa kwamba mwenzao wa shuleni, ambaye familia yake ilitoka Kosovo, amechukuliwa alfajiri na maofisa wa uhamiaji pamoja na wazazi wake. Wasichana wale walikuwa na umri wa watoto wetu wa kidato cha tatu. Mmoja wao, Amal Azzudin, alizaliwa Somalia, naye alikuwa ameomba hifadhi. Walikusanya sahihi shuleni, mwalimu wao akasimama nao, wakaenda bungeni kwao kuuliza maswali. Mwenzao aliachiwa akarudi. Wale hawakuwa na chama wala fedha. Walichokuwa nacho ni kwamba waliketi naye dawati moja na wakakataa kunyamaza. Tena katika mji ule ule, Mei 2021, majirani wa mtaa mmoja walilizunguka gari la uhamiaji lililobeba wanaume wawili, wakakaa chini barabarani kutwa nzima hadi wawili wale wakaachiwa. Hapa kwetu sishauri mtu azingire gari la serikali, hali zetu na sheria zetu za mikusanyiko ni nyingine. Nawaambieni habari ile ili muone kwamba jirani ana uzito kila mahali, Glasgow na Kamachumu.

Jambo la rushwa nalisema kwa kifupi. Usimnunulie mtu hati. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ikiwa ya kununua itamwokoa mwezi mmoja na kumfunga miaka.

Sasa, najua kuna msikilizaji anayenuna huko aliko. Anasema: mtangazaji, unataka kila aliyekataliwa abaki? Serikali isikatae mtu? Hapana, mzee wangu, siyo hivyo. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na wapo wanaoomba hifadhi bila sababu inayokubalika kisheria. Wapo pia waliofanya mabaya kwao na kujificha kwetu, tuliwaona 1994. Ninachodai ni kwamba kabla ya mtu kupigwa PI, yaani kutangazwa mhamiaji asiyetakiwa, na kupandishwa gari, awe amesikilizwa yeye, kwa lugha anayoielewa, akiwa na aliyemsaidia kujieleza, na waliomfahamu wakiwa wameulizwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu unakataza kufukuza watu kwa makundi kwa sababu ya kabila au taifa lao. Unataka mtu apimwe kama mtu. Akipimwa hivyo na bado jibu likawa hapana, basi kazi yetu inabadilika, haiishi. Nani atampokea ng'ambo? Ana namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, maana simu huweza kuchukuliwa? Dawa zake za mwezi anazo? Fedha zake za kushona alizokuwa anadai, amelipwa? Kibanja chake na mali yake, nani amesimama mbele ya mashahidi kuvitunza? Mwaka 2013 wengi waliondoka bila hata moja ya hayo, na mali zao zikabaki nyuma.

Kabla sijaaga, kuna swali nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara, na najua hata sasa liko kichwani mwa wengi: je, nikimsaidia mtu huyu, mimi nitashtakiwa?

Sikilizeni vizuri. Sheria ya uhamiaji inaadhibu kumficha mtu asiye na kibali. Kumfungia darini askari wakija, kumsafirisha usiku kukwepa vizuizi, kumtolea hati za uongo: hayo yatakupeleka mahakamani, na hayamsaidii. Lakini kumsindikiza kwa wakili mchana kweupe si kumficha. Kuandika barua ya ulichokiona si kumficha. Kumpelekea chakula mahabusu, kuuliza ofisi ya uhamiaji jalada lake limefika wapi, kuwapa watoto wake pa kulala mama yao akiwa ndani huku mwenyekiti wa kitongoji akijua, si kumficha. Fanya kila jambo waziwazi, mwenyekiti ajue, padri au shehe ajue, wakili ajue. Na ukiwa na wasiwasi, muulize wakili kwanza, ndipo uchukue hatua.

Wenye barua za namna hii nyumbani, au jirani zenu wanazo, zitoeni usiku huu mkaangalie tarehe iliyoandikwa. Kesho ni siku ya kazi, ofisi ya maendeleo ya jamii inafunguliwa asubuhi.